Kisu cha kukunja cha bei nafuu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu anayetaka kisu kimoja cha kukunja, cha kukaa mfukoni kila siku, bila kugusa pesa ya kodi ya nyumba. Msimamo wangu nautanguliza ili usisome hadi chini ukiutafuta: kisu cha bei ndogo, cha chuma kinachojulikana, kikinolewa vizuri, kinamtosha mtu wa kawaida kwa kazi zake zote. Wengi hununua kisu kikubwa cha kutisha halafu hawanunui kinoo. Mimi nakushauri ufanye kinyume: kisu kidogo, na pesa inayobaki ikanunue jiwe la kunolea.

Kwani kisu cha mfukoni nitakifanyia nini?

Jihesabie mwenyewe mara unazotumia meno, funguo au kucha kwa siku moja. Uzi wa kiroba cha mchele, gundi ya boksi, kamba ya manila, plastiki ngumu ya chaja mpya, lebo ya shati, chungwa, kipande cha muwa, mswaki wa mti unaohitaji kuchongwa ncha. Mfanyabiashara wa duka anayefungua maboksi asubuhi hadi jioni anakihitaji kuliko mtu anayekinunua kwa ajili ya "msituni". Kazi nyingi za mjini ni za kukata vitu laini, na kwa kazi hizo bapa la sentimita 6 au 7 linatosha kabisa.

Kazi zisizo zake ni kufungulia kopo la rangi, kukaza skrubu, kuvunjia nazi na kukata waya wa chuma. Visu vingi vya bei nafuu havifi kwa sababu ni vya bei nafuu, vinakufa kwa kuvunjwa ncha vikigeuzwa bisibisi.

"Bei nafuu" ni kiasi gani?

Hapa nazungumzia kisu cha chini ya dola 30 hivi, kabla ya usafirishaji. Chini ya dola 5 unaingia kwenye visu visivyotaja chuma chao, na huko ni bahati nasibu. Kati ya dola 10 na 30 ndipo penye visu vya heshima vilivyo vingi. Ukivuka dola 50 unaanza kulipia umaridadi, vifaa adimu vya mpini na jina. Makali hayaongezeki kwa kiwango hicho.

Ukiambiwa utaje visu vichache tu, utataja vipi?

Cha kwanza ni Opinel namba 8. Ni kisu cha Ufaransa, kutoka Savoie, kwenye milima ya Alps. Joseph Opinel alianza kukitengeneza mwaka 1890 kwa ajili ya wakulima na watu wa kwao, na umbo lake halijabadilika sana tangu hapo: mpini wa mti wa mviringo, bapa jembamba, pini moja na pete ya chuma. Pete ya kuzunguka, inayofunga bapa, iliongezwa baadaye, mwaka 1955. Bapa la namba 8 ni sentimita 8.5 na kisu kizima kina uzito wa gramu 45 hivi, hata usahau kama unacho. Ulaya kinauzwa kwa yuro kumi na kitu. Wembamba wa bapa lake ndio siri yake: kinapita kwenye nyanya na nyama pale visu vinene vya bei mara tano vinapokwama.

Cha pili ni Victorinox ndogo. Kampuni hii ya Ibach, Uswisi, ilianza kwenye karakana ya Karl Elsener mwaka 1884, na kisu chake cha maofisa chenye vifaa vingi kilisajiliwa mwaka 1897. Ile ndogo kabisa, Classic SD, ina urefu wa milimita 58 ikiwa imekunjwa. Ina kisu, mkasi, tupa ya kucha yenye ncha ya bisibisi, kibano na kijiti cha meno. Kwa mtu wa ofisini nathubutu kusema huyo hahitaji kingine. Mkasi wake peke yake unalipa bei ya kisu kizima, na hakuna askari wa mlangoni atakayekikodolea macho kwa hofu.

Cha tatu ni Okapi, ambacho nimekipa swali lake hapa chini.

Kisha kuna visu vya China, na hapa lazima niseme wazi kwamba dharau ya zamani haina tena msingi. Mji wa Yangjiang katika jimbo la Guangdong umebobea kwenye visu na mikasi, na kampuni kubwa za Marekani nazo huagiza visu vyao vya bei ya chini kutoka China. Ganzo na Sanrenmu ni majina mawili ya kuanzia. Sanrenmu ana visu vidogo vya chuma vya dola kumi na kitu ambavyo vimekaa sawasawa, bapa katikati, loki (kizuizi kinachoshika bapa lililofunguliwa lisijikunje) imara. Ganzo ni vikubwa kidogo na vina loki ya kitufe cha kuvuta, ambayo ni rahisi kwa wanaotumia mkono wa kushoto pia. Unachotakiwa kujua ni kununua jina, siyo "kisu cha China" kisicho na jina.

Okapi bado ni kisu kizuri?

Ndiyo, ila ujue unachonunua. Okapi kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya kuuzwa kwenye makoloni ya Wajerumani barani Afrika, na Tanganyika ilikuwa mojawapo ya makoloni hayo. Mwaka 1988 kampuni ya Afrika Kusini ilinunua jina na mitambo, na tangu hapo ni kisu cha Afrika Kusini. Wenye umri wanakijua: mpini wa mbao uliopachikwa vipande vya chuma vyenye umbo la mwezi na nyota, na kipete mgongoni. Unapokifungua kinalia kra-kra-kra, meno ya loki yakipanda moja baada ya jingine. Kukikunja unavuta kile kipete juu, loki inaachia.

Uzuri wake ni bei, na chuma cha kaboni kinachonoleka hata kwenye sakafu ya saruji laini. Ubaya wake ni kwamba kinashika kutu haraka, na umaliziaji wake ni wa mkono wa haraka: usishangae kukuta bapa limeegemea upande mmoja au mbao ina kingo kali. Kipande cha msasa na nusu saa ya subira vinarekebisha kasoro hizo za mpini. Na kuna jambo moja la kijamii siwezi kuliruka. Katika sehemu nyingi za kusini mwa Afrika kisu hiki kimebeba sifa ya kisu cha wahuni. Kama kazi yako ni ya kukaa mbele za watu, Opinel yenye mpini wa mbao nyeupe haishtui mtu, ingawa kinakata vilevile.

Hizi namba za vyuma zina maana gani? 8Cr13MoV, D2, 440…

Vyuma vyote vya visu ni madini ya chuma yaliyochanganywa na kaboni. Kaboni ndiyo inayoleta ugumu. Kromiamu ndiyo inayozuia kutu, na ikifika takriban asilimia 13 chuma kinahesabiwa kuwa hakishiki kutu, ingawa kwa hewa ya baharini neno sahihi ni "hakishiki haraka".

8Cr13MoV ni chuma cha China chenye kaboni karibu asilimia 0.8 na kromiamu karibu 13. Ndicho utakachokutana nacho mara nyingi kwenye bei hii. Kinanoleka kirahisi na hakichukii maji. Makali yake hayadumu sana, lakini dakika tano kwenye kinoo yanarudi. Kwa mtu anayenunua kisu chake cha kwanza, sioni haja ya kutafuta zaidi ya hapo.

12C27 ni cha Sweden, ndicho kilichomo kwenye Opinel zisizoshika kutu. Chuma safi, kinashika makali membamba sana.

D2 kina kaboni asilimia 1.5 hivi na kromiamu 12. Makali yanadumu, ila kutu inakipata, na kukinoa kwa jiwe la kawaida ni kazi ya jasho. Wauzaji wanakisifu mno. Kwa anayeishi Tanga au Lamu, na hana kinoo kizuri, mimi nasema kipite.

440 ndiyo namba inayodanganya watu. Kuna 440A, 440B na 440C, na tofauti ni kubwa: C ina kaboni karibu asilimia 1, A ina pungufu sana. Kisu kilichoandikwa "440" bila herufi, chukulia ni kile cha chini. Na kilichoandikwa "STAINLESS" peke yake, au "SURGICAL STEEL", hakijakwambia chochote.

Chuma cha kaboni kisicho na kromiamu, kama cha Okapi na Opinel za alama ya "carbone", kinanoleka vizuri kuliko vyote na kinakata kwa utamu. Kinadai kufutwa. Ukiwa mtu wa kufuta kisu baada ya kukitumia, chukua hicho bila wasiwasi.

Loki ni lazima?

Siyo lazima. Visu vya kawaida vya Victorinox havina loki kwenye bapa kuu. Springi tu ndiyo inayolishikilia, na watu wamevitumia zaidi ya miaka mia. Kisu kisicho na loki kinakufundisha kukata kwa kuvuta na kuacha kuchoma, na hiyo ndiyo njia salama hata kwa kisu chenye loki.

Loki inasaidia pale unapochonga au kusukuma. Katika bei hii utakutana na loki ya ubao mwembamba wa chuma ndani ya mpini unaosogea nyuma ya bapa, loki ya mgongoni unayoibonyeza, pete ya Opinel, na ile ya kitufe cha kuvuta. Ya mgongoni na ya pete ndizo ninazoziamini zaidi. Ile ya ubao mwembamba, kwenye kisu cha bei ya chini kabisa, ndiyo ninayoitilia shaka: chuma kikiwa laini au kimekatwa vibaya, inateleza na bapa linarudi kwenye vidole. Iwe loki gani, usiiegemeze maisha ya kidole chako.

Nikiwa sokoni nimekishika, nikague nini?

Kwanza kifungue polepole. Bapa litoke bila kukwaruza upande wowote. Likiwa limefunguka, lishike kwa vidole viwili mgongoni na ulitikise kushoto na kulia, juu na chini. Mtikisiko mdogo wa pembeni unaweza kurekebishwa kwa kukaza skrubu. Mtikisiko wa juu na chini maana yake loki haijakaa, na hilo muuzaji hawezi kukurekebishia pale kwenye meza yake.

Kisha weka mgongo wa bapa juu ya ukingo wa meza, vidole vyote vikiwa nje ya njia ya makali, ubonyeze taratibu kwa uzito wa mkono. Loki ikiachia, kirudishe. Usikubali kuambiwa "kitazoea".

Kikunje uangalie kwa juu: ncha iwe imezama yote ndani ya mpini. Ncha inayochungulia hata milimita moja itakuchana mkono unapoingiza mfukoni kutafuta nauli. Mwisho geuza makali yaangalie mwanga. Makali hayana upana, hivyo hayang'ai. Ukiona nukta au mstari unaong'aa, hapo ni butu au pamebonyea. Ubutu siyo sababu ya kukiacha kisu, kwa kuwa visu vingi vya bei hii vinatoka kiwandani na makali ya wastani, ila ni sababu nzuri ya kupunguziwa bei.

Nitatambuaje Victorinox feki?

Fungua bapa kubwa usome shina lake, karibu na pini: halisi ina maandishi ya kampuni yaliyogongwa kwenye chuma chenyewe. Wino au stika havihesabiki. Angalia pia nafasi kati ya kifaa na kifaa kwa mwanga wa dirishani. Kwenye halisi vimebanana kiasi kwamba mwanga haupiti kirahisi, na kila kifaa kinafunguka kwa mlio ule ule mkavu. Feki ina vifaa vinavyosuasua na mkasi unaotafuna karatasi badala ya kuikata.

Feki nyingine ya kawaida ni "Damascus" (chuma cha tabaka chenye mawimbi) ya bei ya chini, ambayo mawimbi yake yamechorwa juu kwa mashine. Noa kidogo ubavuni na mawimbi yanafutika.

Vile vya kufyatuka kwa kitufe, au vile vya kupepea vyenye mipini miwili?

Usivinunue. Nchi nyingi zimevipiga marufuku, vinaharibika haraka, na havikati kuliko vingine.

Nakinoaje nyumbani?

Hili ndilo swali lenye thamani kuliko yote hapa. Kisu cha dola 12 kilichonolewa vizuri kinakishinda cha dola 200 kilicholala butu.

Nunua jiwe la pande mbili, upande mmoja wa kukwaruza na mwingine laini, linalouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Lilowanishe kwa maji, lilaze juu ya kitambaa kibichi ili lisiteleze. Sasa tafuta mwinamo. Simamisha kisu wima juu ya jiwe, hiyo ni nyuzi 90. Kilaze nusu, ni 45. Kilaze nusu tena, uko kwenye 22 hivi, na hapo ndipo unapopataka. Kama hujiamini, paka makali wino wa maka peni, pitisha mara mbili tatu, kisha tazama: wino ukifutika karibu na mgongo tu, inua kidogo. Ukifutika kwenye ukingo wenyewe pekee, laza kidogo. Ukifutika wote kwenye mteremko wa makali, umepatia.

Pitisha kisu upande mmoja kutoka shina hadi ncha, kwa mwendo wa kulivuka jiwe lote, huku ukiinua mpini kidogo unapokaribia ncha. Usihesabu mara. Endelea hadi upande wa pili wa makali upate ukwaru mwembamba wa chuma unaohisika ukipitisha dole gumba kutoka mgongoni kuelekea nje, kwa kuyavuka makali na kamwe siyo kwa kufuata urefu wake. Ukwaru huo ukiuhisi kuanzia shina hadi ncha, ndiyo ushahidi kwamba umefika ukingoni. Watu wengi wanaosema "kisu changu hakinoleki" waliacha kabla ya hapo. Geuza, fanya upande wa pili hadi ukwaru urudi ulikotoka.

Hamia upande laini wa jiwe, rudia kwa mkono mwepesi. Kisha pitisha mara moja moja kwa zamu, kila upande, kwa uzito wa kisu chenyewe tu. Malizia kwenye mkanda wa ngozi wa suruali uliotandazwa mezani, ukivuta kwa kutanguliza mgongo, ili ule ukwaru uanguke wote. Jaribu kwenye karatasi ya daftari: ikate kwa kuanzia pembeni bila kuivuta. Au nyanya iliyoiva sana, bila kuibonyeza.

Huna jiwe? Geuza kikombe cha udongo au sahani juu chini. Ule mduara usiopakwa rangi chini yake ni kinoo laini cha kurudishia makali, na kinafanya kazi kweli.

Nimpe yule fundi wa kunoa anayepita mtaani na baiskeli?

Panga na jembe, mpe. Kisu cha jikoni kinene, sawa, ukimsimamia. Kisu cha mfukoni, hapana. Lile gurudumu linazunguka kavu, na bapa jembamba linapata moto ndani ya sekunde chache. Tazama ukingo: ukiona chuma cha kaboni kimebadilika rangi kuwa bluu, ujue joto limefika nyuzi 290 hivi za Selsiasi, na hapo ugumu kilioupata kiwandani umepotea. Kitakuwa kikali siku hiyo, na baada ya wiki kimekunja makali kama bati. Tena gurudumu linakula chuma kingi mno. Kisu cha kudumu miaka kumi kinakonda kwa misimu michache.

Kama fundi ana jiwe la mkono na maji, hilo ni jambo jingine, na wapo.

Naishi pwani. Kutu inanimaliza.

Tofautisha mambo mawili. Ukikata embe, ndimu au nanasi kwa kisu cha kaboni, bapa litageuka kijivu na pengine rangi ya bluu iliyofifia. Hiyo siyo kutu, iache, kwa sababu utando huo unasaidia kuzuia kutu yenyewe. Kutu ni ya rangi ya chungwa au kahawia, na inachafua kidole ukiifuta. Hiyo iondoe mapema kwa msasa laini wenye mafuta.

Kwenye pini na springi weka tone moja la mafuta ya cherehani. Ni mepesi, hayagandi, yanauzwa kwa bei ya chini popote wanapouza vifaa vya ushonaji. Mafuta ya kupikia usiyaweke huko ndani, baada ya muda yanageuka gundi yenye vumbi. Kwenye bapa la kisu unachokatia chakula, pakaa mafuta ya nazi kiasi cha kuacha ung'avu tu. Na kama umetumia kisu kwenye samaki au maji ya bahari, kioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi kabla hujalala, kikaushe kikiwa wazi. Jasho la mfukoni nalo ni maji ya chumvi, madereva wa bodaboda wanalijua hili.

Opinel yangu imelowa na haifunguki.

Mti umevimba ukabana bapa. Usivute kwa koleo. Legeza pete, shika kisu kikiwa kimekunjwa, kisha gonga kitako cha mpini kwenye kitu kigumu kama ukingo wa jiwe. Bapa litachomoza kidogo na utaweza kulivuta. Ndivyo wenyewe wa Savoie wanavyofanya. Baadaye kiache kikauke kivulini kikiwa wazi, na ukipenda paka mti mafuta ya kitani mara chache.

Naweza kuchinjia kuku?

Makali yakiwa ya kutosha, inawezekana. Mafundisho ya Uislamu yanataka kisu kinolewe sawasawa ili mnyama asiteseke, na kisinolewe mbele yake, na kisu kidogo kilichonolewa vizuri kinatimiza hilo. Tatizo ni usafi: damu inaingia kwenye pini na ndani ya mpini, inaoza na kuleta kutu. Kwa kazi hiyo kisu kisichokunjwa ni bora, na hakigharimu zaidi.

Sheria inasemaje Tanzania na Kenya?

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania na ile ya Kenya zote zina kosa la kutembea na silaha hadharani bila sababu halali kwa namna inayowatia watu hofu. Kwa hiyo kinachoangaliwa ni jinsi unavyokibeba na mahali ulipo. Kijisu cha Victorinox kwenye mfuko wa fundi ni kifaa. Kisu kile kile mkononi wakati wa ugomvi wa baa ni silaha, na hutapata nafasi ya kueleza kwamba ulikuwa unamenya chungwa. Usikibebe kwenda mkutano wa siasa, mpirani, mahakamani wala benki. Hata ukienda mahali penye pombe, mimi nasema kiache nyumbani.

Jijini Nairobi, tangu shambulio la Westgate la Septemba 2013, maduka makubwa hukagua watu mlangoni. Ukiulizwa, sema mapema na kwa utulivu kwamba una kisu cha kazi, na uwe tayari kukiacha au kurudi nacho.

Niko Uingereza au Ujerumani, je?

Uingereza sheria imeandikwa wazi. Unaruhusiwa kubeba hadharani bila kutoa sababu kisu cha kukunja kisicho na loki, chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani sentimita 7.62. Kikiwa na loki, hata kiwe kidogo namna gani, unahitaji sababu nzuri, kama kazi unayokwenda kufanya. "Kujilinda" siyo sababu. Adhabu kwa England na Wales inaweza kufika miaka 4 jela. Maana yake Opinel namba 8 hapo kwao ni ya nyumbani na mapumziko ya kambini, na Victorinox isiyo na loki ndiyo ya mfukoni.

Ujerumani, visu vinavyofunguka kwa mkono mmoja na kujifunga kwa loki haviruhusiwi kubebwa hadharani bila sababu inayokubalika, na mwaka 2024 masharti yalikazwa zaidi kwenye matamasha na usafiri wa umma.

Na kwenye ndege?

Begi la kwenda chini ya ndege, basi. Marekani hawaruhusu kisu cha kukunja cha aina yoyote kwenye begi la mkononi. Ulaya kuna kiwango cha sentimita 6, lakini afisa aliyeko mbele yako ndiye mwenye neno la mwisho, na hakuna kisu kinachostahili kukukosesha safari. Usiku wa kuamkia safari kagua mifuko yote, hasa ile midogo ya kibegi cha mgongoni, maana kisu cha mfunguo ndicho kinachosahaulika kuliko vyote.

Kisu changu kimelegea baada ya miezi michache. Nitupe?

Usitupe. Kama kina skrubu kwenye pini, kwa kawaida ni ya kichwa cha nyota, saizi T6 au T8, na bisibisi hizo mafundi simu wanazo. Legeza, safisha vumbi kwa kitambaa, tone la mafuta ya cherehani, kaza robo mzunguko kwa kila hatua huku ukijaribu kufungua, hadi mtikisiko uishe na bapa bado litembee. Ikiendelea kulegea, weka gundi ya nyuzi za skrubu, kidogo mno, isifike kwenye bapa. Kama pini ni ya ribiti, kama kwenye Okapi, laza kisu juu ya chuma kigumu ugonge kichwa cha ribiti kwa nyundo ndogo, pigo moja jepesi, jaribu, kisha jingine. Ukizidisha, bapa litakwama, na kulilegeza tena ni kazi ndefu kuliko kulikaza.